Riwaya ya kurasa 208, nachapisha mwenyewe: nakala 200 za dijitali au 1,000 za ofseti?

Mwanamvua_K

Wakuu, habari za saa hizi. Riwaya yangu ya upelelezi imeshapita kwa mhariri wa lugha na jalada liko tayari; hayo mawili yamekula shilingi 750,000. Mswada una maneno kama 60,000, na mpangaji kurasa ameutoa kwenye A5 ukiwa na kurasa 208 pamoja na zile za mwanzo. Nachapisha mwenyewe, hapa Dar.

Nina bei mbili mkononi. Wa dijitali anataka 6,500 kwa nakala nikichukua 200. Wa ofseti anataka 3,400 kwa nakala, ila kuanzia nakala 1,000. Nimepanga kuuza 10,000 ili watu wamudu.

Wanaoijua kazi hii naomba mnisaidie. Nichukue ipi? ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, naipata wapi? Maduka yanakata kiasi gani? Na la mwisho: ajira inanibana hadi saa kumi jioni, sasa wiki naigawaje ili kitabu hiki kiuzike na cha pili kiandikwe?

Fundi_Karatasi

Mleta mada, anza kwa kuelewa kwa nini bei hizo zinapishana hivyo. Kwenye ofseti gharama kubwa inatangulia kabla nakala ya kwanza haijatoka. Mashine ya A2 inabeba kurasa 8 za A5 kila upande, yaani kurasa 16 kwa karatasi moja kubwa. Kurasa 208 ni karatasi 13 kamili. Kila upande wa karatasi una pleti yake (bamba la kuchapia), kwa hiyo pleti 26 za ndani na 4 za jalada la rangi nne, pamoja na muda wa fundi kuseti mashine na karatasi zinazoharibika wino ukisawazishwa. Gharama hiyo ni ileile ukichapa 100 au 5,000. Dijitali haina pleti: nakala ya kwanza na ya mia mbili zinagharimu sawa. Ndiyo maana wa ofseti hataki kusikia chini ya 1,000.

Hongera kwa 208, kwa sababu inagawanyika kwa 16. Ingekuwa 210 ungelipia karatasi nzima ya ziada kwa ajili ya kurasa mbili, au ungepewa kurasa 14 tupu mwishoni. Kwa hiyo usiongeze "shukrani" za dakika za mwisho bila kupunguza mahali pengine.

Sasa hizo bei mbili zinaweza zisiwe za kitu kimoja. Rudi kwa wote wawili uandikiwe: karatasi ya ndani ni gramu ngapi kwa mita ya mraba (70 au 80), nyeupe au krimu, jalada ni gramu 250 au 300, lamineshani (utando wa plastiki juu ya jalada) ipo, na ni ya kung'aa au isiyong'aa, kukata na kufunga katoni vimo, nakala mbovu zitabadilishwa ndani ya siku ngapi. Anayetaja bei ya chini sana mara nyingi ameshusha karatasi hadi gramu 60, na hapo maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana mbele.

Uliza pia uelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi zinatakiwa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikatiza, kurasa zinajikunja mawimbi na kitabu hakikai wazi mkononi. Msomaji anakilazimisha, gundi inapasuka, kurasa zinaanza kuchomoka. Watu humlaumu mpiga gundi wakati kosa lilifanyika kwenye kukata karatasi.

Faili: PDF yenye fonti zilizofungwa ndani, jalada kwa CMYK (mfumo wa rangi nne za uchapaji) likiwa na milimita 3 za ziada kila upande unaokatwa, picha zisipungue nukta 300 kwa inchi. Maandishi ya ndani yawe ya rangi nyeusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, pleti zikipishana hata nywele moja herufi zinatoka na kivuli. Pambizo ya ndani, upande wa mgongo, isipungue milimita 18, la sivyo mwisho wa mistari unazama kwenye mkunjo.

Kabla ya kuruhusu kazi iende, dai pruufu (nakala ya kukagua) iliyofungwa kabisa kama kitabu. Skrini haikuonyeshi ukurasa 96 ukifuatwa na 113. Na mzigo ukifika, fungua nakala kadhaa kutoka kila katoni, siyo ile ya juu tu.

DukaLaPembeni

Fundi amemaliza upande wa karatasi. Mimi nazungumzia hiyo 10,000, maana hapo ndipo wengi huzamia.

Maduka hukata kati ya 30% na 40%. Tuchukue 35%. Ukiuza 10,000, duka linabaki na 3,500, wewe unapata 6,500. Na kitabu cha dijitali umekichapa kwa 6,500. Faida yako ni sifuri, na bado hujalipa bodaboda aliyekipeleka! Kwa uchapaji wa dijitali bei haiwezi kuwa chini ya 15,000: dukani unapata 9,750, faida 3,250, ukiuza mwenyewe mkononi unabaki na 8,500.

Kwa nakala 200 umetoa 1,300,000. Kwa bei ya 15,000, nakala 87 za mkononi zinairudisha. Zote zikipitia madukani ni 134. Kwa ofseti umetoa 3,400,000. Kwa 10,000 unahitaji nakala 340 za mkononi, au 524 za dukani. Na hapo hatujagusa ile 750,000 yako, ambayo katika nakala 200 ni 3,750 kwa kila kitabu, na katika 1,000 ni 750. Wengi hawaihesabu kabisa, halafu wanashangaa fedha ya toleo la pili imekwenda wapi. Ushauri wangu: igawe kwenye chapa mbili za kwanza, usiibebeshe ya kwanza peke yake, lakini iandike.

Usiogope 15,000. Anayenunua riwaya ya mwandishi asiyemjua anaangalia jalada, anasoma nyuma, anafungua ukurasa wa kwanza. Asipovutwa hapo, hatainunua hata kwa 8,000.

Sasa mali kauli. Karibu kila duka litakupokea kwa utaratibu huo: acha vitabu, vikiuzika tutakulipa. Si vibaya, ila una masharti yake. Mara ya kwanza acha vitano tu kwa duka. Vitano vikiisha watakupigia wao. Ukiacha hamsini vitaingia stoo na vitatoka vimepauka. Andika hati ya kupokelea mzigo nakala mbili: tarehe, jina la kitabu, idadi, bei ya rafuni, asilimia ya duka, siku ya kulipana. Apige muhuri na aliyepokea aandike jina lake, kwa sababu wauzaji hubadilika na mpya atakwambia hakijui hicho kitabu. Pita kila baada ya siku 30. Ukikaa miezi mitatu, vilivyouzwa vimeshageuka mtaji wa madaftari ya shule, na deni linakuwa la kubembeleza.

Ukipita, hesabu vilivyobaki kwa macho yako. Usiulize "vimeuzwa vingapi?"

Na jambo ambalo waandishi hawalifikirii: rafu zetu ni nyembamba, kitabu kinasimamishwa mgongo nje. Jina la kitabu lisomeke kwenye mgongo ukiwa umesimama hatua mbili. Jalada zuri lenye mgongo wa maandishi ya kijivu juu ya nyeusi ni sawa na kitabu kisichokuwepo.

Bahari_ya_Hindi (Mombasa)

Kwa swali la ISBN: Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, huku Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Ina tarakimu 13 tangu 2007; za Tanzania utazijua kwa 978-9976, 978-9987 au 978-9912, za Kenya 978-9966 au 978-9914. Iombe kabla jalada halijafungwa, maana msimbopau (ile mistari inayosomwa na skana) unakaa nyuma ya kitabu. Kitabu cha karatasi na kitabu pepe kila kimoja kina namba yake. Ukirudia kuchapa bila kubadili maandishi, namba ni ileile. Ukifanya toleo jipya lililorekebishwa, omba nyingine. Ukiwa hapo hapo ulizia nakala za amana, zile za kuhifadhiwa maktaba, kwa sababu sheria inakutaka uwasilishe.

Msimbopau upewe nafasi yake: ukubwa wa kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, juu ya nyeupe, na pembeni pabaki patupu. Mistari isiwe myekundu hata kama inapendeza na jalada. Mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, mistari ya rangi hiyo haionekani kabisa.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake, kwenu na kwetu. Kusajili COSOTA, ofisi yenu ya hakimiliki (sisi KECOBO), ni kujipatia ushahidi. Ila ndugu yangu, mchoraji wa jalada amekuandikia kwamba amekuachia haki? Kama amekupa JPEG tu na mazungumzo ya WhatsApp, siku ukitaka kubadili ukubwa wa kitabu utamrudia kwa magoti. Dai faili lenyewe linaloharirika, na karatasi yenye sahihi.

Ukifikiria kuleta Kenya, kumbuka vitabu huku vinatozwa VAT ya 16% tangu sheria ya 2013, kwa hiyo bei ya rafuni haitakuwa ile ya Dar ukibadilisha fedha tu.

Mzee_wa_Ofseti

Naona hesabu zenu zinamsukuma kwenye 200. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Kwa 6,500 kila nakala ukitoa zawadi ya kitabu unatoa jasho. Na riwaya inahitaji kugawiwa: kwa wachambuzi, watangazaji wa redio, maktaba, walimu wa fasihi. Mwenye nakala za 3,400 anagawa thelathini bila kuumia. Halafu chapa ya 200 ikiisha, anarudi foleni kwa mpiga chapa huku wateja wameshapoa.

Cha kufanya ni oda za awali. Tangaza wiki sita kabla, weka Lipa Namba, bei ya 12,000 kwa anayelipa mapema na 15,000 baada ya kitabu kutoka. Ukifikisha oda 150 zilizolipiwa una 1,800,000, zaidi ya nusu ya bili ya ofseti. Usipofika hapo, soko limekupa jibu lako: chapa dijitali.

DukaLaPembeni

Mzee, hoja ya oda za awali naipokea kwa mikono miwili. Ila zilizolipiwa, siyo za "niwekee yangu". Maoni mia mbili ya "hongera dada" kwenye Facebook hayajawahi kununua hata ream moja.

Lakini hiyo 1,000 mtamwambia aiweke wapi? Fundi, uzito wake ni kiasi gani?

Fundi_Karatasi

Kwa gramu 80, ndani ni karatasi 104 za A5, gramu 259 hivi. Jalada la gramu 300 linaongeza kama 19. Kitabu kimoja ni gramu 280. Nakala 200 ni kilo 56, zinaingia kwenye bajaji. Nakala 1,000 ni kilo 280 na zinachukua kama theluthi moja ya mita ya ujazo, bila katoni.

Kwa unyevu wa Dar usiziweke sakafuni wala kuzisogeza ukutani. Ziwe juu ya mbao, zilale bapa, rundo lisizidi kimo cha kiuno. Lamineshani iko upande mmoja tu wa jalada. Upande wa ndani ukinyonya unyevu karatasi inatanuka na jalada linajikunja kwenda nje. Kuvifunga kwa nailoni bandali za 20 kunasaidia sana. Mchwa wanakuja kutoka chini, mende wanafuata gundi ya mgongo. Chumba cha wageni kikigeuka stoo, kikague kila mwezi.

Sehemu_ya_Kumi

Mnasahau kwamba wasomaji wengi wa riwaya za Kiswahili leo wako WhatsApp na Facebook, wanasoma sehemu kwa sehemu. Mleta mada atumie njia hiyo, lakini kwa mpangilio.

Toa bure robo ya kwanza tu. Kwa maneno 60,000 hiyo ni 15,000, igawe sehemu 12 au 13 za maneno 1,200. Ndefu kuliko hapo mtu anaahirisha na hairudii. Fupi mno anakasirika. Zitoe siku zilezile, saa ileile, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tatu usiku, watu wameshakula. Sehemu ya mwisho ya bure ikatike penye fumbo, na hapohapo iwepo namba ya kulipia na mahali pa kuchukua kitabu. Usimwambie mtu "njoo inbox". Kila hatua unayoongeza kati ya hamu na malipo, wateja wanapungua.

PDF ya kitabu kizima usimtumie mtu yeyote ikiwa tupu. Itasambaa kabla hujamaliza kula chakula cha usiku. Ukilazimika kuiuza, kila mnunuzi apate nakala yenye jina lake na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi kabisa, ila inamfanya mtu asite kuirusha kwenye kundi la watu 500.

Na kabla hujarusha hata sehemu ya kwanza, fikiria tuzo. Tuzo nyingi hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na baadhi yao hawatofautishi kati ya kuchapisha kitabu na kukiweka mtandaoni. Soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ya Safal-Cornell, kwanza. Ukishairusha huwezi kuirudisha.

Kalamu_Nyekundu

Umesema imepita kwa mhariri wa lugha. Je, kuna aliyesoma pruufu BAADA ya kupangwa kurasa? Ni kazi nyingine hiyo. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza inakata maneno ovyo mwisho wa mstari: utakuta "n-g'ombe" au "mw-anamke". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo maneno yakatwe baada ya irabu, au uzime ukataji kabisa.

Kuna kasoro zinazojificha kwenye ng'. Mahali pengine alama ni iliyonyooka, pengine iliyopinda, kutegemea uliandikia simu au kompyuta. Kwa macho huoni tofauti, lakini ukitafuta "ng'oa" ili kurekebisha, programu inaweza kukuletea nusu tu. Sawazisha zote kwa mkupuo mmoja kwanza, ndipo uanze masahihisho mengine.

Tafuta moja moja: kwahiyo, kwasababu, "nime kuja" na ndugu zake wanaotenganishwa na kiambishi, l na r (kura/kula, mahali/mahari), h zilizodondoka au kuzidi. Amua "asante" au "ahsante" na ubaki nayo hadi mwisho. Kwa riwaya ya upelelezi, tengeneza jedwali la siku na saa za kila tukio. Msomaji wa aina hiyo atagundua kwamba maiti ilikutwa Jumanne na mlinzi akahojiwa Jumatatu.

Halafu mpe mtu asiyeijua hadithi aisome kwa sauti. Mwandishi mwenyewe anasoma anachokikumbuka.

Mwanamvua_K

Ahsanteni sana, nimechukua yote. Nimeamua: oda za awali kwa wiki sita, nisipofikisha 150 naenda dijitali kwa 15,000. Pruufu baada ya kupanga kurasa haijasomwa, hilo nalirudia. Bado swali la wiki halijaguswa. Na nikihamia karatasi ya gramu 70 nitaokoa kitu cha maana?

DukaLaPembeni

Dada, kuandika na kuuza vinagombania kitu kimoja: simu. Oda zinaingia WhatsApp siku nzima, na ukijibu kila inapolia hutaandika aya mbili. Kwa hiyo kuandika kuje kabla data haijawashwa. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili, maneno 400 yanatosha. Kwa siku tano ni 2,000 kwa wiki, na mswada wa 60,000 unafika mwisho ndani ya wiki 30 hata ukiwa na ajira.

Oda zijibiwe mara mbili kwa siku, mchana na baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa ujumbe ulioandaliwa tayari: bei, Lipa Namba, gharama ya kutuma, siku ya kutuma. Mizigo itoke siku mbili tu, tuseme Jumanne na Ijumaa. Ya mikoani inakwenda kwa basi: andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili za kifurushi, piga picha risiti na namba ya gari, mtumie mteja palepale. Jumamosi moja ya mwezi ni ya kuzungukia maduka na hati zako. Jioni moja kwa wiki ni ya daftari. Kila nakala iliyotoka iwe na mstari wake: iliuzwa, ilitolewa bure, iko mali kauli kwa nani, au imeharibika. Nakala zisizojulikana zilipo ndizo zinazokula faida.

Fedha ya kitabu iwe na laini yake ya simu, tofauti na ya nyumbani. Ikichanganyika na ya unga na nauli, mwezi wa tatu hutajua kama riwaya inajilipa.

Fundi_Karatasi

Gramu 70: nakala inashuka hadi kama gramu 245, unapunguza kidogo kwenye karatasi na kwenye kifurushi. Kwa nakala 200 usihangaike, kwa 1,000 omba bei zote mbili ulinganishe. Krimu ya 70 inasomeka vizuri kuliko nyeupe ya 70, kwa sababu weupe mkali huonyesha zaidi maandishi ya upande wa pili.

Ila angalia mgongo. Kwa gramu 80, karatasi 104 ni milimita 10.4, ongeza jalada mbele na nyuma, unapata 11. Kwa gramu 70 unashuka hadi 10 hivi. Jalada lako lililo tayari lilipimwa kwa ipi? Likiwa la 11 kwenye kitabu cha 10, maandishi ya mgongo yanahama kuelekea ubavuni na mstari wa rangi unachungulia mbele. Chagua karatasi kwanza, muulize mpiga chapa unene halisi wa ile aliyonayo stoo, ndipo mbunifu afunge faili.